Meno ya chini kutangulia ya juu: mimi nilitibiwa kwa alaina, mdogo wangu ilibidi apasuliwe. Tuelewane kwa nini

#1 JinoLaChonge (mleta uzi)

Wakuu, habari za wakati huu.

Nimekuwa msomaji wa humu kwa miaka mingi, napita kimya kimya. Leo naandika kwa sababu kila baada ya muda naona mtu anauliza kama alaina, yale mafuniko ya plastiki angavu ya kupanga meno, zinaweza kurekebisha meno ya chini yaliyotangulia ya juu. Mmoja anamjibu ndiyo, mwingine anamjibu ni utapeli, uzi unafungwa. Wote wawili wanaweza kuwa wanasema kweli, ila kila mmoja anazungumzia kinywa tofauti. Familia yetu ina vinywa vyote viwili.

Mimi nina miaka 33, mdogo wangu wa kike ana 27. Tumerithi kidevu cha baba. Tukifunga mdomo, meno ya mbele ya chini yalikuwa yanakaa mbele ya yale ya juu, wakati kwa kawaida ya juu ndiyo yanayofunika ya chini kwa milimita mbili au tatu. Ukizitazama picha zetu za utotoni zilizopigwa kwa pembeni ungeapa tatizo ni lile lile. Mimi nilivaa alaina miezi 22 na leo meno yangu yanakutana inavyopaswa. Mdogo wangu alienda kwa mtaalamu yule yule, akakaa kiti kile kile, akaambiwa plastiki peke yake haitamsaidia. Alilia siku ile. Na mimi nilimkasirikia daktari, kwa sababu nilimwona anamnyima mdogo wangu kitu alichonipa mimi.

Nilikuja kuelewa baadaye, na hicho ndicho ninachotaka kukieleza.

Mwaka 1899 daktari wa Marekani, Edward Angle, aliyagawa meno yasiyokutana vizuri katika madaraja matatu kwa kuangalia gego kubwa la kwanza la juu limekutana vipi na mwenzake wa chini. Sisi wa meno ya chini kutangulia ni daraja la tatu. Mgawanyo huo unatumika hadi leo, lakini unaeleza namna meno yanavyokutana tu. Hauelezi kosa limekaa wapi. Na hapo ndipo tiba yote inapoamuliwa.

Kuna mtu ambaye mifupa yake ya taya imekaa sawa, ila meno ya juu yamelalia ndani na ya chini yamelalia nje. Huyo kosa lake ni la meno. Kuna mwingine ambaye mfupa wenyewe ndio umetofautiana: taya la chini limekua kupita kiasi, au taya la juu limebaki dogo na limerudi nyuma, au yote mawili. Watu wengi tunaoambiwa "kidevu chako kirefu" kidevu hakina kosa, ni taya la juu ndilo halikufika mbele. Halafu kuna wa mtelezo. Huyu taya lake likifungwa polepole, meno ya mbele yanakutana ncha kwa ncha, yanagongana, halafu ili aweze kufunga vizuri analitelezesha taya mbele bila kujua. Anafanya hivyo kila anapofunga mdomo, mpaka anaonekana ana taya refu kuliko alilonalo.

Mimi nilikuwa na mchanganyiko wa meno na mtelezo. Mdogo wangu ni mfupa.

Tofauti hiyo huioni kwenye kioo. Inaonekana kwa daktari kukushika kidevu na kukuongoza ufunge taratibu, na kwa eksirei ya kichwa ya pembeni, ile inayopigwa kwa kipimo maalumu. Eksirei hiyo ipo tangu 1931, Broadbent kule Marekani na Hofrath kule Ujerumani waliitoa mwaka huo huo kila mmoja kivyake. Daktari anachora mistari kutoka sehemu moja karibu na mzizi wa pua kwenda taya la juu na taya la chini, anapima pembe iliyo katikati. Kawaida inazunguka nyuzi 2. Yangu ilikuwa 0. Ya mdogo wangu ilikuwa hasi 5. Nilipoziona karatasi zile mbili zimewekwa pamoja kwenye mwanga, hasira yangu iliisha palepale.

Sasa niseme na kosa nililopitia kabla ya hapo, labda litamwokoa mtu. Mara ya kwanza nilienda sehemu nyingine, sitaitaja. Walinipiga picha za simu, wakaniskani meno, wakanipa alaina 14. Hakuna eksirei ya pembeni, hakuna aliyenishika kidevu. Meno yangu ya chini yalikuwa yamebanana kidogo, na zile alaina ziliyanyoosha kwa kuyasukuma nje ili yapate nafasi. Yakanyooka kweli. Na yakazidi kutangulia ya juu kuliko mwanzo. Nililipa na kuvaa kwa uaminifu ili tatizo langu liongezeke.

Mtaalamu wa pili alifanya kinyume. Meno ya juu yalisogezwa nje kidogo, ya chini yakavutwa ndani. Ili ya chini yapate pa kuingilia, alikwangua pembeni mwa meno sita ya mbele ya chini, kama milimita 0.3 kila mwanya. Inatisha kuisikia lakini haikuuma, na ni ganda la nje tu. Juu ya baadhi ya meno alibandika vinundu vidogo vya rangi ya jino, kazi yake ni kuipa plastiki mahali pa kushika. Kila alaina inatofautiana na jino lilipo kwa kiasi kidogo sana, karibu robo milimita, ndiyo maana zinakuwa nyingi. Mimi nilipewa 38, nikibadilisha kila siku 10, kisha nikaskaniwa upya na kupewa nyingine 24 za kumalizia. Kuvaa ni saa 20 hadi 22 kwa siku. Unavua ukila na ukipiga mswaki, basi.

Kilichofanya kazi nzito zaidi, na ambacho watu hawakitaji, ni raba. Ni vipete vidogo vya mpira. Kwa tatizo letu vinafungwa kutoka gego la juu kushuka mbele hadi jino la chonge la chini, pande zote mbili. Vinavuta meno ya chini nyuma na ya juu mbele kwa pamoja. Alaina zinayaelekeza meno, lakini nguvu ya kuvuta safu dhidi ya safu inatoka kwenye raba. Mimi kwa wiki kama saba nilivaa alaina vizuri huku raba nikizivaa usiku tu, kwa sababu zilinichosha kwenye maungio ya taya. Nilipofika alaina ya 17 haikukaa. Ilibaki na nafasi kwenye chonge za chini, unaiona kabisa kwa macho. Nikarudishwa hadi ya 14, na raba mchana na usiku.

Mwezi wa nane hivi wa matibabu ulifika wakati ambao meno ya mbele yanakutana ncha kwa ncha, yakiwa njiani kupishana. Ni wakati mbaya. Kutafuna ni shida, unahisi meno yanagongana ukiwa umelala. Hapo ndipo nilipoishukuru plastiki, kwa sababu unene wake unayatenganisha meno ya juu na ya chini, hivyo yanapishana bila kukwaruzana. Kisha asubuhi moja nilivua nipige mswaki, nikafunga mdomo, na ulimi ukakuta ukuta mahali ambapo maisha yangu yote palikuwa na ngazi. Nilikaa pembeni ya beseni la kunawia muda mrefu.

Ulizeni, nitajibu ninachokijua. Na kama kuna daktari humu anirekebishe.

#2 Gego32

Mkuu asante kwa uzi wenye nyama. Swali langu la moja kwa moja: kidevu chako kimerudi nyuma? Maana mimi kinachoniumiza si meno, ni sura ya pembeni.

#3 JinoLaChonge

Kidevu chenyewe hakikusogea, mkuu, nisikudanganye. Alaina zinasukuma meno ndani ya mfupa, hazilichukui taya la mtu mzima na kulirudisha nyuma. Kwangu kuna mabadiliko mawili tu. Mdomo wa juu umepata pa kuegemea kwa sababu meno ya juu yamekuja mbele, kwa hiyo uso hauonekani umebonyea chini ya pua. Na kwa kuwa nilikuwa natelezesha taya kila nikifunga, mtelezo ulipoondoka taya likarudi lilipokuwa linapaswa kukaa. Watu wanaona sura imebadilika, lakini ukipima mfupa ni ule ule.

Kama sura ya pembeni ndiyo inayokuumiza, mwambie daktari hivyo siku ya kwanza, kwa maneno hayo hayo. Ukimwambia "nataka meno yapishane" atakupa mpango wa kupishanisha meno, na unaweza kumaliza miaka miwili meno yamepishana na wewe bado unakwepa kamera.

#4 MamaMapacha

Nimesoma yote. Jamani mimi nina mapacha wa miaka 7, mmoja meno ya chini yametangulia tangu meno ya utoto, na sasa ya mbele yaliyoota mapya yamefuata vile vile. Kila mtu ananiambia nisubiri akue mpaka meno yote yaishe kuota. Baba yao naye kidevu ni kirefu. Nisubiri?

#5 DaktariMpangaMeno

Mama, usisubiri. Mimi ni mtaalamu wa kupanga meno, na hili ndilo eneo ambalo ushauri wa "asubiri akue" unagharimu watoto zaidi.

Taya la juu la mtoto bado lina maungio ambayo hayajashikamana. Ukilivuta mbele katika umri huo linaitikia. Kifaa kinachotumika ni barakoa ya kuvutia: ina sehemu inayoegemea paji la uso na nyingine kidevuni, na raba zinazotoka hapo zinaingia mdomoni kushika kifaa kilichofungwa kwenye meno ya juu. Mtoto anavaa saa 12 hadi 14 kwa siku, nyingi zikiwa za usiku, kwa miezi kadhaa hadi mwaka. Matokeo mazuri zaidi hupatikana kabla ya miaka 10. Baada ya hapo maungio yanakaza, na tunaanza kusogeza meno badala ya mfupa.

Lakini si kila mtoto wa namna hii anahitaji barakoa. Wengine wana mtelezo tu: jino moja au mawili ya juu yameota nyuma ya ya chini, mtoto anakwepa kugonga kwa kupeleka taya mbele. Hao tunawasaidia kwa kifaa kidogo cha kuvaa na kuvua, mara nyingi kwa miezi michache. Mwenye macho tu hawezi kukuambia mwanao ni yupi.

Nikuambie na upande mwingine ili usije ukaumia baadaye. Taya la chini huendelea kukua baada ya la juu kumaliza, kwa wasichana hadi miaka 16 au 17 hivi, kwa wavulana linaweza kupita 18. Mtoto aliyetibiwa vizuri akiwa na 8 anaweza kufika balehe taya likamzidi tena, hasa kama amelirithi. Kwa hiyo tiba ya utotoni inafuatiwa na kupimwa mara kwa mara hadi akomae. Baadhi yao bado watahitaji upasuaji. Wengi watakuwa wamepunguziwa mzigo, na watakuwa wamepita miaka ya shule wakitafuna na kucheka bila kuficha mdomo.

Mleta uzi, maelezo yako ni sahihi. Ninaongeza jambo moja tu: ile pembe peke yake haitoshi kuamua, maana hata umbo la fuvu linaibadilisha. Tunaitazama pamoja na mambo mengine.

#6 MamaMapacha

Daktari ubarikiwe. Wiki ijayo nampeleka.

#7 NjiaFupi

Wadau, kuna hizi kampuni za mtandaoni unajichukulia mwenyewe alama ya meno nyumbani, wanakutumia alaina zote kwa sanduku. Nafuu kubwa. Plastiki si ni ile ile? Kwa nini nizunguke kwa daktari?

#8 JinoLaChonge

Ndugu yangu, mimi nilienda hadi kwenye kiti cha zahanati na bado walinizidishia tatizo kwa kuruka eksirei moja. Sasa wewe hata kiti huna.

Plastiki inaweza kuwa ile ile kabisa. Alaina zipo sokoni tangu mwisho wa miaka ya 1990, kampuni ya Align iliyoanzishwa 1997 ndiyo iliyozisambaza kwa jina la Invisalign, na leo watengenezaji ni wengi. Unachokikosa si plastiki. Kwenye sanduku hakuna mtu wa kukubandikia vinundu, hakuna wa kukukwangua pembeni mwa meno, hakuna wa kuangalia mzizi wa jino umebakiza mfupa kiasi gani. Na kwa meno yaliyotangulia, bila raba utakuwa umevaa kifuniko tu.

Halafu kuna hili: SmileDirectClub, iliyokuwa kubwa kuliko zote kwa biashara hiyo, ilifunga shughuli zake Desemba 2023. Watu waliokuwa katikati ya matibabu walijikuta hawana wa kumpigia simu. Jino lililosogezwa nusu njia halisubiri mfilisi.

#9 DaktariMpangaMeno

Naunga mkono, na naongeza ufizi. Meno ya chini ya mbele yamekaa kwenye mfupa mwembamba sana. Ukiyasukuma nje au kuyavuta ndani kupita mipaka ya mfupa huo, ufizi unashuka na mzizi unabaki wazi. Ufizi ulioshuka hauoti tena wenyewe. Nimepokea watu waliokuja na meno yaliyonyooka na mizizi inayoonekana, nao walianza wakiwa na ufizi mzima. Kama una ugonjwa wa fizi unaotoa damu, hilo linatibiwa kwanza kabla jino lolote halijaguswa.

#10 Msomaji_Mpya41

Samahanini, nimejiunga leo kwa ajili ya uzi huu. Mimi ni mwanamke wa miaka 41. Tofauti yangu na nyie ni kwamba sikuzaliwa hivi. Picha za harusi yangu meno yalikuwa yanakutana vizuri kabisa. Miaka mitano sita hii ndiyo naona ya chini yanakuja mbele na yameanza kuachana, mianya ambayo haikuwepo. Je, alaina zinaweza kuziba mianya na kuyarudisha?

#11 DaktariMpangaMeno

Dada yangu, naomba unijibu haya kwanza. Pete zako zimeanza kubana? Viatu umepandisha namba? Unaumwa kichwa mara kwa mara, unatoka jasho kuliko zamani, sauti imekuwa nzito?

#12 Msomaji_Mpya41

Pete ya ndoa nimeikata mwaka juzi ilikuwa haitoki. Viatu nimetoka 39 nimefika 41. Kichwa ndiyo, nilidhani ni uchovu wa kazi. Umejuaje?

#13 DaktariMpangaMeno

Usianze alaina. Nenda kwa daktari wa kawaida, au wa homoni kama unaweza kumpata, umweleze hayo yote matatu kwa pamoja: pete, viatu, na taya. Mtu akishakomaa taya halipaswi kurefuka. Linaporefuka ukubwani, pamoja na mikono na miguu, lazima iangaliwe tezi iliyo chini ya ubongo kama inatoa homoni ya ukuaji kupita kiasi. Mara nyingi inasababishwa na uvimbe mdogo usio wa saratani kwenye tezi hiyo. Kuna kipimo cha damu, kinaitwa IGF-1, kinaanzia hapo. Ugonjwa huo unatibika, lakini ukichelewa unaathiri moyo, sukari na viungo.

Inawezekana isiwe hivyo, meno yanaweza kuachana kwa ugonjwa wa fizi. Siwezi kukupima kwa maandishi. Ila dalili zako zinatosha kunifanya nikuombe uende wiki hii.

#14 Msomaji_Mpya41

Nimesoma mara tatu. Nakwenda kesho.

#15 TayaJipya

Mimi ndiye mdogo wake mleta uzi. Kaka amenitumia kiungo na ameniruhusu niseme.

Nilipasuliwa nikiwa na miaka 25. Kabla ya kukubali nilizunguka kwa wataalamu watatu nikitafuta atakayesema "alaina zinatosha". Wa tatu alisema anaweza kujaribu, kwa kung'oa magego mawili madogo ya chini na kuyavuta meno yote ya mbele ndani. Nilifurahi sana. Nilimwuliza uso wangu utakuwaje, akanionyesha kwenye kompyuta: meno yamepishana, kidevu kiko palepale, na mdomo wa chini umeingia ndani kwa hiyo kidevu kinaonekana kirefu zaidi. Nilitoka pale nikijua jibu langu.

Kitu ambacho hakuna aliyeniandaa nacho ni kwamba kabla ya upasuaji unakuwa mbaya zaidi. Mwili ukiwa na mifupa iliyopishana unajisaidia wenyewe: meno ya chini yanajilaza ndani, ya juu yanajilaza nje, yakitafutana. Ili mpasuaji aweze kuyaweka mataya mahali pake, meno lazima yasimamishwe wima kwanza. Kwangu hiyo ilikuwa miezi 14 ya alaina (ndiyo, hata wa upasuaji tunavaa alaina, si lazima waya) na kila mwezi pengo la mbele lilikuwa linaongezeka. Nilikuwa nakataa kupigwa picha. Nikimwambia mtu niko kwenye matibabu anatazama mdomo wangu halafu anatazama pembeni.

Upasuaji wenyewe ulifanyika kwa ndani ya mdomo, sina kovu lolote usoni. Taya la juu lililetwa mbele, la chini likarudishwa nyuma, yakafungwa kwa vibamba na skrubu za titani ambazo ninazo mpaka leo. Nilivimba nisijitambue. Wiki sita nilikula vya kunywa na vilaini tu. Mdomo wa chini na kidevu vilikuwa na ganzi, kwa sababu mshipa wa fahamu wa eneo hilo unapita ndani ya taya la chini, pale pale wanapokata. Hisia zilirudi taratibu kwa karibu mwaka mzima, zikianza kama kuchomwachomwa na sindano. Kuna sehemu ndogo upande wa kushoto wa kidevu ambayo haijarudi. Niliambiwa hilo linaweza kutokea kabla sijasaini, na nasema hapa ili na nyie muulize kabla ya kusaini.

Kisha miezi 8 ya alaina za kumalizia.

Kaka anasema nililia siku ile ya kwanza. Ni kweli. Nililia tena siku bandeji ilipoondolewa, nikamtaka mama anisogezee kioo kwa pembeni.

#16 Gego32

Dada umenigusa. Sasa swali kwa daktari. Mimi nadhani niko katikati. Mfupa kidogo, meno kidogo. Upasuaji siutaki kabisa. Mtu wa katikati anajuaje kama alaina zitashika?

#17 DaktariMpangaMeno

Hilo ndilo swali gumu kuliko yote kwenye kazi yetu, mkuu, na madaktari wazuri wawili wanaweza kutofautiana juu ya mtu mmoja.

Ninayoyatazama ni haya. Je, ukirudisha taya nyuma kadiri unavyoweza, meno ya mbele yanafika kukutana ncha kwa ncha? Kama yanafika, una dalili nzuri. Je, meno ya chini yanayafunika ya juu kwa kina, au kuna uwazi mbele usiofunga? Kina kinatusaidia sana. Meno yakishapishana, kule kufunikana kunayashikilia ya juu yasirudi nyuma, ni kama kitasa kinachojifunga. Mwenye uwazi mbele hana kitasa hicho. Kisha natazama meno ya chini yamelala kiasi gani tayari. Kama mwili wako umeshayalaza ndani kabisa katika kujisaidia, mimi sina tena pa kuyapeleka. Na natazama kama uso umepinda upande mmoja, maana kupinda ni suala la mfupa karibu kila mara.

Zamani mtu wa katikati alikuwa na njia chache. Siku hizi tunaweza kuweka skrubu ndogo kwenye mfupa wa taya la chini, nyuma pembeni ya magego, tukaivuta safu nzima ya chini nyuma kwa kuegemea mfupa badala ya kuegemea meno ya juu. Inafanya kazi na alaina pia. Wengine tunawang'oa jino moja la mbele la chini. Lakini yote hayo ni kuficha tofauti ya mfupa kwa kutumia meno, na kuficha kuna kikomo.

Kama una chini ya miaka 20, jambo la kwanza ni kuhakikisha umeacha kukua. Eksirei mbili za pembeni zilizopishana miezi kadhaa hadi mwaka, zikilingana, ndiyo naamini. Nimeona kazi nzuri ikiharibiwa na taya lililoendelea kukua baada ya matibabu kwisha.

#18 KimyaKingi

Mleta uzi, kuongea je? Kazi yangu ni ya kuongea kutwa nzima.

#19 JinoLaChonge

Siku tatu nne za kwanza herufi "s" na "z" zinapiga mluzi, na kila ukipewa seti mpya kidogo. Soma kwa sauti nyumbani jioni ukiwa umezivaa, ulimi unajifunza. Kilichonisumbua zaidi kuongea ni raba, maana ukifungua mdomo sana zinakatika. Nilikuwa natembea na pakiti mfukoni. Usafi ni rahisi kuliko waya: maji baridi na mswaki laini, usitumie ya moto yanaipinda plastiki. Ukiwa umezivaa kunywa maji tu.

Ukimaliza kuna riteina, kifaa cha kuyashikilia meno yasirudi yalikotoka, na hii usiache hata ukichoka vipi. Mimi niliambiwa usiku wote, kwa miaka yote. Niliwahi kusafiri nikaisahau siku tisa, niliporudi ilibana kiasi kwamba nilijua meno yalikuwa yameshaanza safari.

#20 MamaMapacha

Nimerudi na mrejesho.

Daktari alimshika mtoto kidevu akamwambia afunge polepole sana, na mimi mwenyewe nikaona kwa macho yangu: meno mawili ya juu yakagonga ya chini ncha kwa ncha, akasita, halafu taya likateleza mbele. Alinirudishia mara tatu nione. Eksirei inaonyesha mfupa wa juu umerudi nyuma kidogo lakini si sana. Anaanza na kifaa cha kuvaa na kuvua chenye vispringi vya kuyasukuma yale meno mawili, halafu baada ya hapo ndipo ataamua kuhusu barakoa. Tutapimwa kila miezi sita. Pacha mwenzake hana kitu, ila amesisitiza na yeye aje.

Mtoto anauliza kama kifaa kinaweza kuwa cha kijani. Kinaweza.

#21 Msomaji_Mpya41

Na mimi nimefanya kipimo cha damu, majibu yamekuja juu. Nimepewa rufaa ya kupigwa picha ya kichwa wiki ijayo. Daktari, asante kwa kuniuliza kuhusu pete.